NGUVU YA KUFYATUKA: JINSI INAVYOJENGWA NA JINSI INAVYOHARIBIWA

Mhariri wa jarida letu amenitaka niandike habari za michezo katika muhula huu. Nimeona heri nijibu swali ambalo wanafunzi huniuliza mara kwa mara uwanjani, nalo ni hili: Je, mtu huweza kufundishwa kuwa mwepesi, au wepesi ni wa kuzaliwa nao?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Siku ya kuchagua wachezaji watoto hupangwa mstarini, filimbi hupulizwa mara moja, na wanaobaki nyuma huambiwa waende kushangilia wenzao. Mtoto wa Kidato cha Kwanza akiambiwa hivyo mara mbili, aghalabu harudi tena uwanjani mpaka amalize shule. Kwa upande mwingine wako wenye bidii waliosikia kwamba kurukaruka huleta wepesi. Basi hupanda juu ya ukuta na kuruka chini, siku baada ya siku, mpaka magoti yakavimba. Wa kwanza amenyimwa haki yake, na wa pili ameharibu alichojaliwa. Nia yangu ni kuwaonyesha wote wawili njia iliyo sawa.

Jibu langu kwa kifupi ni kwamba wepesi huzaliwa na pia hujengwa. Sehemu ya kuzaliwa hatuwezi kuibadili. Sehemu ya kujengwa ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, lakini hujengwa kwa utaratibu: kwanza nguvu, kisha kuitoa nguvu hiyo kwa haraka, na katikati yake mapumziko. Anayeruka ngazi moja huanguka.

NGUVU PEKE YAKE HAITOSHI

Tuanze na maana ya maneno. Mpakiaji wa magunia ya mahindi ni mtu mwenye nguvu nyingi. Hata hivyo, ukimpeleka kwenye shimo la mchanga aruke, huenda akashindwa na kijana mwembamba ambaye gunia lile hawezi hata kulisogeza. Kwa nini? Kwa sababu mpakiaji hupewa muda. Hujipanga, huvuta pumzi, hushika vyema, ndipo ainue. Mrukaji hana muda huo. Mguu wake hugusa ubao wa kurukia kwa kitambo kifupi mno, kama sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara kumi, na yote aliyo nayo lazima yatoke hapo.

Nguvu inayotoka yote kwa mara moja namna hii ndiyo ninayoiita nguvu ya kufyatuka. Neno hili nimelitoa katika mtego. Mtegaji hukikunja kijiti polepole mpaka kikatulia. Ndege akigusa tu, kijiti hurudi kwa kishindo. Kijiti kilicho laini kikifyatuka hakimdhuru ndege. Kijiti kigumu kisichofyatuka upesi humwacha ndege aende zake. Mtego mwema hutaka mambo yote mawili, ugumu na upesi.

Wanafunzi wa fizikia wanaweza kulipima jambo hili kwa hesabu nyepesi. Mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 50 akipanda ngazi yenye kimo cha mita 3, amefanya kazi ya jouli 1,500 hivi. Akipanda kwa sekunde 6, uwezo wake ni wati 250. Akiipanda ngazi ile ile kwa sekunde 2, uwezo wake ni wati 750. Mwili ni ule ule, ngazi ni ile ile, na kazi ni ile ile; kilichobadilika ni muda tu. Basi ziko njia mbili za kuongeza uwezo: kuongeza nguvu inayosukuma, au kupunguza muda wa kusukuma. Mwanariadha mwenye akili hushughulikia zote mbili.

Huenda mtu akasema, “Sisi watu wa milimani ni wa mbio ndefu, mambo haya ni ya warukaji na watupa mikuki.” Namjibu kwa habari ya kweli. Tarehe 15 Septemba, 2025, katika jiji la Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya ubingwa wa dunia. Alikimbia kilomita 42 na zaidi kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros aliandikiwa muda ule ule. Ilibidi picha itazamwe, ikaonekana kwamba Simbu amemtangulia kwa sehemu tatu za sekunde iliyogawanywa mara mia. Hiyo ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika mashindano hayo. Kwa saa mbili mapafu na moyo vilifanya kazi yao. Lakini mshindi alijulikana katika hatua chache za mwisho, miguu ilipotakiwa kufyatuka ikiwa imekwisha choka. Isitoshe, wataalamu wameona kwamba mkimbiaji wa mbio ndefu anayefanya pia mazoezi ya nguvu hutumia hewa kidogo kwa mwendo ule ule, kwa kuwa kila hatua humrudishia sehemu ya nguvu aliyoikanyagia.

YANAYOTENDEKA NDANI YA MSULI

Msuli ni fungu la nyuzi nyingi nyembamba, na nyuzi hizo si za aina moja. Ziko zinazojikunja polepole na kuchelewa kuchoka. Hizo ndizo za mtembezi na mkimbiaji wa mbio ndefu. Ziko pia nene zaidi, zinazojikunja upesi na kwa nguvu nyingi, lakini huchoka mapema. Hizo ndizo za mrukaji, mtupaji na mkimbiaji wa mita 100. Kila mtu anazo za namna zote mbili, ila kiasi hutofautiana baina ya mtu na mtu. Hiyo ndiyo sehemu ya kuzaliwa niliyoitaja.

Yafaa jambo linalofuata lishikwe sana. Ubongo hauziiti nyuzi zote kwa pamoja. Kazi ikiwa nyepesi, huitwa zile za polepole tu. Kazi ikizidi uzito, huitwa nyingine, na zile nene za upesi huitwa mwisho kabisa, mzigo unapokuwa mkubwa au mwendo unapotakiwa uwe wa haraka sana. Kwa hiyo mtu anaweza kukimbia polepole kila asubuhi kwa mwaka mzima, na nyuzi zake za upesi zikabaki karibu kama zilivyokuwa, kwa sababu hazikuitwa kazini.

Wanafunzi wetu wa Ibaba wapo katika hali hiyo hasa. Wanapanda na kushuka milima tangu utoto, wanabeba ndoo na kuni, na wengi hutembea mwendo mrefu kuja shuleni. Mapafu yao ni mazuri na mapaja yao ni magumu. Lakini kazi zote hizo hufanywa kwa mwendo wa polepole na wa muda mrefu. Nimewaona wakimaliza kilomita tano bila kuhema sana, kisha wakashindwa vibaya katika mita 30 za kwanza za mbio fupi. Wanayo nusu ya mtego, yaani ugumu, nao wanakosa upesi. Nusu hiyo ya pili inafundishika.

Mafunzo huleta mabadiliko ya namna tatu. Kwanza, mishipa ya fahamu hujifunza kuziita nyuzi nyingi zaidi kwa upesi zaidi. Hili hutangulia, ndiyo maana anayeanza mazoezi huongeza nguvu katika majuma machache ya kwanza kabla msuli haujaonekana kunenepa. Pili, nyuzi zenyewe hunenepa. Tatu, kano zinazouunganisha msuli na mfupa huwa ngumu zaidi na hurudisha nguvu kama mpira uliovutwa.

Habari hiyo ya kano si lazima uiamini kwa kusoma tu. Unaweza kuijaribu leo. Paka chaki kwenye ncha za vidole, simama ubavuni mwa ukuta. Chuchumaa nusu, tulia kwa hesabu ya tatu, kisha ruka na uguse ukuta juu uwezavyo. Pumzika. Sasa simama wima, shuka upesi kwa kiasi kile kile, na papo hapo uruke bila kutulia. Walio wengi wataona alama ya pili iko juu kuliko ya kwanza. Msuli ulionyoshwa ghafla kabla ya kujikunja hutoa nguvu zaidi, ilimradi usicheleweshwe. Ukichelewa, faida hiyo hupotea.

MIFANO YA JIRANI ZETU

Afrika ya Mashariki husifiwa kwa mbio ndefu, na wengi huamini kwamba michezo ya kufyatuka si yetu. Historia inakataa.

Mwaka 1962, katika michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Perth, Australia, kijana wa Mombasa, Seraphino Antao, alishinda yadi 100 na yadi 220. Alikuwa mtu wa kwanza kuipatia Kenya medali ya dhahabu katika michezo hiyo, naye hakuwa mkimbiaji wa mbio ndefu.

Miaka kumi baadaye, katika Olimpiki ya Munich ya 1972, askari polisi wa Uganda, John Akii-Bua, alishinda mita 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akawa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48. Aliteremka njia ya ndani kabisa, ambayo ina kona kali kuliko nyingine. Mazoezi yake chini ya mwalimu Malcolm Arnold yalikuwa magumu: alikimbia na kuruka viunzi akiwa amevaa fulana iliyotiwa risasi, yenye uzito wa ratili 25 hivi, yaani kama kilo 11. Huo ndio utaratibu ninaoueleza. Kwanza mwili ulizoeshwa kubeba zaidi ya uzito wake. Siku ya mashindano fulana ilivuliwa, na miguu ikawa mikubwa kuliko kazi iliyowekwa mbele yake.

Mfano wa tatu ni Julius Yego wa Kenya, mzaliwa wa Nandi, mahali palipojaa wakimbiaji. Yeye alipenda mkuki. Hakuwa na mwalimu wa mchezo huo, basi alijifunza kwa kutazama kwenye intaneti picha za watupaji wakubwa wa Ulaya, akaiga mwendo wao. Baadaye alipata nafasi ya kufanya mazoezi huko Ufini. Mwaka 2015, mjini Beijing, alirusha mita 92.72 na kuwa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Rio de Janeiro. Mkuki wa wanaume una uzito wa gramu 800 tu. Hata mtoto mdogo anauinua. Lakini kuupeleka mbali hivyo hutaka nguvu ianzie kwenye nyayo, ipite mapaja, kiuno na bega, ndipo ifike mkononi, yote kwa kitambo cha kupepesa jicho. Anayetegemea mkono peke yake hafiki mbali, na bega lake huumia.

Wa mwisho ni Ferdinand Omanyala, ambaye tarehe 18 Septemba, 2021, mjini Nairobi, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, muda ambao hakuna Mwafrika aliyewahi kuufikia kabla yake. Nairobi ni mji wa nyanda za juu, kama hapa kwetu. Hewa ya juu ni nyepesi. Humchosha mkimbiaji wa mbio ndefu asiyeizoea, bali mkimbiaji wa mbio fupi na mrukaji hupingwa nayo kidogo kuliko pwani. Kwa hiyo milima hii haitunyimi kitu.

NGAZI TATU ZA MAFUNZO

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Shule yetu haina chumba cha vyuma, wala simshauri mwanafunzi anayeanza akitafute. Tunavyohitaji ni mchanga, mifuko imara, madumu, benchi, na kamba. Dumu la lita 10 lililojaa maji lina uzito wa kilo 10, na la lita 20 lina kilo 20. Basi mizani tunayo.

Mazoezi hufanywa siku mbili kwa juma, mathalani Jumatatu na Alhamisi, na kila mara huanza kwa kupasha mwili moto kwa dakika kumi. Asubuhi za baridi na ukungu dakika hizo zisipunguzwe hata moja.

Ngazi ya kwanza ni ya nguvu za msingi, nayo huchukua majuma sita. Chuchumaa na kuinuka mara 12, nyayo zote zikiwa chini na magoti yakielekea ziliko ncha za vidole. Panda benchi lenye kimo cha goti na kushuka, mara 10 kwa kila mguu. Piga pushapu mara 8, au uziegemee mikono kwenye benchi kama hujaweza za chini. Lala chali, kunja magoti, inua kiuno mara 12. Simama kwa ncha za vidole na kushuka taratibu mara 15. Mzunguko huo hurudiwa mara tatu. Anayeona haya ni mepesi mno ayafanye polepole zaidi, ahesabu mpaka tatu wakati wa kushuka. Ataona ugumu wake.

Katika ngazi hii pia hufundishwa kutua. Ruka kidogo tu, kisha tua kimya kama paka: vidole kwanza, magoti yakikunjika, yasigongane wala kuelekea ndani. Nasikiliza kwa masikio. Anayetua kwa kishindo hapandi ngazi inayofuata, hata kama ndiye mwenye mbio kuliko wote.

Ngazi ya pili ni ya kuongeza mzigo, tena majuma sita. Mfuko wa mchanga wa kilo 10 hukumbatiwa kifuani, nao mwanafunzi huchuchumaa na kuinuka mara 6, kwa mizunguko minne. Hushuka taratibu, bali huinuka kwa upesi wote alio nao. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuinuka kivivu. Hata mzigo ukikataa kwenda upesi, nia ya kwenda upesi yenyewe huziamsha zile nyuzi nene. Baada ya majuma mawili au matatu, aliye tayari huongezwa mpaka kilo 15 au 20. Pamoja na hayo huingizwa miruko midogo: kuruka kamba, na kuruka mbali kwa kusimama, mara 5, kwa mizunguko mitatu.

Ngazi ya tatu ni ya upesi, majuma manne au matano kabla ya mashindano ya UMISSETA. Mzigo hupunguzwa na mwendo huongezwa. Mwanafunzi huruka kwa hatua ndefu, mguu wa kushoto na wa kulia kwa zamu, kwa umbali wa mita 20. Hurusha mfuko wa mchanga wa kilo 3 kwa mikono miwili, kutoka kifuani kwenda mbele, na kutoka chini kwenda nyuma kupita kichwa. Hukimbia mita 20 kupanda mteremko usio mkali, mara 6, kwa nguvu zake zote. Mteremko tunao wa kutosha kila upande. Hiyo ni mashine tuliyopewa bure. Miruko yote ya siku moja isizidi 60. Ukiona kimo cha kuruka kinapungua, hapo acha, hata kama hujafika hesabu, kwa kuwa anayeruka akiwa amechoka huufundisha mwili wake uzito.

Baina ya mzunguko na mzunguko katika ngazi hii kuna mapumziko ya dakika mbili hadi tatu. Wanafunzi hulalamika kwamba ni mengi. Yako kwa sababu: nguvu ya kufyatuka hutumia akiba ndogo iliyomo ndani ya msuli, inayotosha kwa sekunde kumi hivi, nayo huhitaji dakika kadhaa ili ijae tena. Asiyeisubiri hufanya zoezi la pumzi, wala si la wepesi.

Neno moja kuhusu kuruka kutoka juu. Zoezi la kuruka chini toka kwenye sanduku na papo hapo kuruka juu lilienezwa na Mrusi Yuri Verkhoshansky katika miaka ya 1960. Ni zoezi lenye faida, nalo lilikusudiwa watu waliokwisha kujenga miguu kwa miaka. Kwa wanafunzi wetu kimo kisizidi sentimita 30, tena kwa wale tu waliomaliza ngazi mbili za kwanza. Ukuta wa bweni si sanduku, na sakafu ya saruji si nyasi.

HOFU ZA WAZAZI

Katika mkutano mmoja wa wazazi mama mmoja aliniamkia, kisha akaniuliza waziwazi, “Mwalimu, mchanga huo mnaombebesha binti yangu hautamharibu?” Nilimwambia, “Mama, nyumbani anabeba ndoo ya lita ngapi?” Akacheka, akasema, “Ishirini.” Nikamweleza kwamba tunaanza na kilo 10, kifuani, kwa dakika chache, na mwalimu amesimama kando.

Lakini swali lake lilikuwa jema, nami nataka kulijibu kwa wazazi wote. Haijaonekana kwamba mazoezi ya nguvu yanayosimamiwa vyema humdumaza mtoto, wala kumharibia msichana uzazi wake. Yanayodhuru ni mzigo uliozidi kiasi, mkao mbaya wa mgongo, na mashindano ya kubeba pasipo msimamizi. Tena, kwa wasichana faida ni kubwa zaidi. Katika michezo ya kuruka na kugeuka ghafla, kama netiboli na mpira wa miguu, wasichana huumia kano za ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana, na mafunzo ya nguvu pamoja na kutua vyema hupunguza madhara hayo. Kumzuia binti asifanye mazoezi haya, kisha kumruhusu acheze netiboli, ni kumpeleka shambani bila jembe.

Wavulana nao wana hofu yao: kwamba mwenye kunenepa misuli huwa mzito. Mtu hawi mzito kwa kuchuchumaa na mfuko wa mchanga mara mbili kwa juma. Huwa mzito kwa kufanya kila kitu polepole. Anayejenga nguvu kisha akaifundisha upesi hatajuta.

Niongeze onyo kwa wakubwa walio Kidato cha Tano na cha Sita, ambao wakienda mijini huona vyumba vya vyuma. Chuma kina faida yake, na mabingwa wengi wa leo hukitumia. Lakini kinatakiwa mwalimu anayejua, na mzigo unaoweza kuuinua kwa mkao sahihi. Na akija mtu kukuuzia vidonge vya kuongeza nguvu, mwache apite. Wanariadha wengi wamepoteza jina na afya kwa vidonge.

CHAKULA, USINGIZI NA DAFTARI

Msuli haukui wakati wa mazoezi. Hukua wakati wa kupumzika. Zoezi huuchosha na kuubomoa kidogo, kisha chakula na usingizi huujenga upya ukiwa na nguvu zaidi. Ndiyo sababu baina ya siku mbili za kazi nzito nimeacha siku mbili au zaidi. Anayefanya kila siku kwa pupa hubomoa asichopata nafasi ya kujenga.

Kwa chakula hatuna haja ya kutamani vya mbali. Ugali hutoa nguvu ya kufanya kazi. Maharage, ambayo hayakosekani katika milima hii, hujenga msuli, na yakiliwa pamoja na ugali hukamilishana. Maziwa, mayai, karanga na dagaa, vikipatikana, ni vyema mno. Mboga za majani zisiachwe pembeni mwa sahani. Na usingizi usipungue saa nane. Anayekesha kwa mazungumzo bwenini ameupunguza wepesi wake kabla hajafika uwanjani.

La mwisho ni daftari. Kila mwanafunzi wa mazoezi haya na awe na daftari dogo. Kila baada ya majuma matatu aandike mambo matatu: urefu wa kuruka mbali kwa kusimama, kimo cha alama ya chaki ukutani, na muda wa mita 30. Ajilinganishe na nafsi yake, asijilinganishe na jirani. Aliyeruka mita 1.70 mwezi wa Februari akafika mita 1.85 mwezi wa Mei ameshinda jambo kubwa, hata kama mwenzake anaruka mita 2.20. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Sisi wa Ibaba haitupasi kuisahau methali hiyo.

Walimu wenzangu wanaochagua wachezaji nawasihi jambo moja. Tusimhukumu mtoto kwa mbio moja ya mwezi wa Januari. Mtoto wa miaka 14 bado mwili wake unajipanga, na huyu anayebaki nyuma leo huenda hajaitwa bado, kama zile nyuzi nene zinazongoja mzigo. Tumpe miezi minne ya kazi iliyopangwa, kisha ndipo tupulize filimbi na kuandika majina.

Nanyi vijana mnaosoma haya, mazoezi ya ngazi ya kwanza huanza Jumatatu ya kwanza ya kufungua shule, saa kumi jioni, uwanja wa chini. Njooni wenye mbio na wasio na mbio, wavulana na wasichana. Kila mmoja aje na viatu kama anavyo, mfuko mtupu imara, na daftari. Mchanga tutauchota pamoja.